Folda ya Bado

Jumatano, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, Nukta alibonyeza herufi ya kwanza ya siku hiyo na herufi haikutokea. Akaangalia kioo cha kompyuta, akaangalia saa ya ukutani, akahesabu kimoyomoyo. Alipofika kumi na moja, "M" moja ikajitokeza kivivu, kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

Nukta halikuwa jina lake halisi. Alibandikwa jina hilo na dada yake tangu shuleni, kwa kuwa hakuweza kuipita karatasi yoyote, hata tangazo la msiba, bila kuchungulia kama nukta zake ziko mahali pake. Walicheka sana kwa hilo. Baadaye, Nukta alipomaliza chuo kikuu, tabia hiyo ndiyo iliyowalisha. Watu waliwaletea sauti za mikutano na vikao, nao wakazigeuza kuwa maandishi. Dada alichapa, Nukta alikagua, wote wawili kwa kompyuta moja iliyokaa chumba cha mbele, kwenye meza ya mninga iliyokuwa ya marehemu baba yao.

Kazi ile ilikuwa na sheria zake. Mwandishi hayumo kikaoni. Hata akisikia uongo, hata akitukanwa yeye mwenyewe, anaandika tu alichosikia. Mahali pekee anaporuhusiwa kuweka neno lake ni ndani ya mabano: (kicheko), (kikohozi), (kimya). Na pale sauti inapokuwa mbovu kabisa: (haisikiki). Hapo ndipo kazi ya Nukta ilipoanzia. Alivaa visikizio, akarudia kila "haisikiki" mara tatu, mpaka neno lipatikane. Aliichukia haisikiki kama wengine wanavyochukia mende. Akimaliza anaandika chini kabisa: Imekaguliwa na, kisha majina yake matatu. Bila mstari huo hakuna mteja aliyepokea kazi.

Wiki kumi zilizopita dada yake alikutwa amekufa ofisini kwa mumewe, alikokwenda pia kuchapa vikao tangu aolewe, paji la uso likiwa juu ya kibodi. Kwenye kioo kulikuwa na herufi moja tu iliyojirudia kurasa mia nne na kitu. Daktari alisema moyo. Baada ya siku tatu za matanga yule mume, Shemeji, alimvuta Nukta pembeni, akamwambia kiti cha dada yake kiko wazi.

Nukta alikataa. Tangu siku ile alikuwa akipambana kusimama peke yake, na leo alikuwa na kazi ya kwanza iliyokuja kwa jina lake: kikao cha bodi ya maji, saa tatu za sauti, iwe imefika Alhamisi mchana. Akiikosa hii hakuna nyingine. Na bila nyingine, pamebaki pale pale kwa Shemeji.

Alizima kompyuta, akaiwasha. Ilichukua dakika kumi na tisa kuamka. Aliziandika kwenye daftari.

Kisha akampigia Fundi, aliyekuwa akiwatengenezea kompyuta.

"Dada wa nukta!" Fundi alipokea kwa kelele zake. Alikuwa mtu wa mzaha hata mbele ya maiti. "Umeharibu nini leo?"

"Sijaharibu. Imekuwa nzito ghafla. Jana jioni ilikuwa sawa."

"Wote mnasema hivyo. Jana ilikuwa sawa, leo imeugua, kumbe mtu ameshusha filamu hamsini."

"Mimi sishushi filamu."

"Haya, mtakatifu. Fungua ile orodha ya kazi zinazoendelea. Niambie nani anakula mashine."

Orodha ilijikokota. Nukta alishusha macho mstari kwa mstari. Programu ya kuandikia, kidogo. Kizuia virusi, kidogo. Na juu kabisa, ikila sehemu tisini na sita kwa mia za nguvu yote, kulikuwa na kazi moja isiyo na jina. Mahali pa jina palikuwa peupe.

"Haina jina," alinong'ona.

"Kila kitu kina jina. Na nafasi kwenye diski?"

"Imebaki kidogo sana. Juzi nilikuwa na zaidi ya nusu."

"Basi kuna kitu kinajaa humo ndani. Tafuta folda nene kuliko zote. Ukiipata nipigie, nina wateja wanaojua kusema asante."

Folda nene kuliko zote iliitwa Bado.

Ilikuwa ya dada yake. Humo ndimo alimoweka kazi ambazo hazijaisha, na sheria ya nyumba ilikuwa kwamba mtu hagusi Bado ya mwenzake. Nukta alikuwa hajaifungua tangu mazishi. Alijua fika ilibaki tupu, kwa sababu dada alikuwa mtu wa kumaliza kazi.

Ndani yake mlikuwa na vitu viwili. Faili la sauti, na faili la maandishi. Tarehe ya yote mawili ilikuwa ya leo.

Alifungua maandishi.

SAUTI YA KWANZA: Mpaka lini utakaa hapa na mama yako mnaangaliana?
SAUTI YA PILI: Nitapata kazi yangu, shemeji.
SAUTI YA KWANZA: Kazi yako ipo. Kiti kipo.
SAUTI YA TATU: (haisikiki)

Maneno hayo waliyasema yeye na Shemeji, katika chumba hiki hiki, Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mlikuwa na watu wawili tu. Mama alikuwa kanisani. Aligeuka akatazama kochi alilokalia Shemeji siku ile. Mto wake ulikuwa umebonyea sehemu mbili.

Aliponyanyua macho kwenye kioo, mstari mpya ulikuwa unaandikwa. Herufi moja. Kimya. Herufi nyingine.

Mlango ukagongwa, na Nukta karibu aangushe kiti.

Alikuwa Shemeji. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Hakusalimia. Alipita moja kwa moja mpaka mezani, akaweka kiganja juu ya boksi la kompyuta kama mtu anayepima homa.

"Mbona nzito?"

Nukta alikuwa hajamwambia mtu isipokuwa Fundi. "Umejuaje?"

"Kazi hazifiki." Akamgeukia. "Unajua hasara ya mtu anayechelewesha kazi za watu?"

"Kazi zako zinahusianaje na mashine yangu?"

"Yako?" Alicheka bila meno kuonekana. "Marehemu alichapia humu. Aliacha viporo."

Mtaani walisema kazi za Shemeji zinajichapa zenyewe. Tangu msiba hakuajiri mtu, na mwenyewe alichapa kwa kidole kimoja, lakini vikao vilitoka ofisini kwake kila siku, safi, kurasa kwa kurasa. Nukta alipita pale mara moja. Meza ya dada yake ilifunikwa shuka jeupe, na shuka lilikuwa na joto.

"Itengeneze," Shemeji alisema. "Ikiwa nyepesi itakusaidia na wewe. Na ukikutana na kiporo kinachohitaji kukaguliwa, kikague. Hiyo ndiyo kazi unayoijua, au chuo kilikufundisha mdomo tu?"

Mama alitokea mlangoni na kikombe mkononi. Shemeji akabadilika sura, akamwamkia kwa adabu zote, akaondoka.

"Amefuata nini?" Mama aliuliza.

"Hata sijui."

Mama alibaki amesimama, ametega sikio. "Wewe usiku huwa unachapa mpaka saa ngapi, mwanangu?"

"Mimi nalala saa nne, Mama."

Mama akautazama mlango, akaitazama kompyuta, akarudi jikoni bila kunywa.

Mwingine angekimbia. Nukta naye alitaka kukimbia, lakini kichwani mwake hofu mbili zilikuwa zinabishana, na ile ya kuketi chini ya shuka jeupe ilikuwa kubwa kuliko ile ya faili. Bodi ya maji ilikuwa inasubiri. Akajikaza. Akaamua kuisafisha mashine kama alivyosafisha kila kitu, hatua kwa hatua, kwa maelezo ya Fundi.

Kwanza alifuta takataka: programu za zamani, picha zilizojirudia, mabaki ya miaka sita. Folda ya Bado hakuifuta. Alijaribu mara moja, na kishale cha kipanya kikarudi nyuma chenyewe. Alipomaliza, saa sita kasorobo, mashine ilikuwa imepumua kidogo.

Maandishi nayo yalikuwa yameenda mbele. Jumapili ilikwisha. Sasa yalikuwa yameifikia jana, Jumanne, Shemeji akiwa dirishani.

SAUTI YA KWANZA: Nimepita tu kuona kama umepata akili.
SAUTI YA PILI: Shemeji, nina kazi.
SAUTI YA TATU: (haisikiki)

Alimpigia Fundi tena. Safari hii Fundi alimwelekeza azime, achomoe waya, afungue ubavu wa boksi. Ndani vumbi lilikuwa limelala kama blanketi. Akalifagia kwa brashi ya rangi, feni, kona, kila mahali. Kisha akachomoa kijiti cha kumbukumbu, kile mafundi wanachokiita ramu, akayasugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa penseli.

"Yasugue mpaka yang'ae," Fundi alisema. "Usiyashike kwa vidole. Mikono yako mizuri, ila ina mafuta."

"Sina muda wa utani, Fundi."

"Ndiyo maana mashine yako inaugua. Haijawahi kuchekeshwa."

Ilipowashwa tena iliamka kwa dakika tatu. Nukta alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Tabasamu halikudumu. Maandishi yalikuwa yameifikia leo asubuhi. Shemeji alikuwa ndani ya chumba, akiuliza mbona nzito. Nazo herufi zilikuwa zinatoka haraka zaidi.

Alielewa, ila alielewa nusu. Alichokiona ni kwamba kazi ile ilikuwa na kiporo cha siku tatu, na kadiri mashine ilivyopata nguvu ndivyo ilivyomaliza kiporo. Akajiambia: ikimaliza itaacha. Ikiacha, nitapata mashine yangu. Akazima kila kilichojiwasha chenyewe. Akaondoa picha iliyopamba kioo. Akaondoa hata saa ndogo ya pembeni.

Saa kumi na nusu jioni, mstari wa mwisho ulisimama. Kishale kikawa kinapepesa.

Nukta alikohoa.

(kikohozi), kioo kikaandika.

Hakuthubutu kusogea. Nje mtu alipita na baiskeli.

(baiskeli).

"Dada?" alinong'ona.

SAUTI YA PILI: Dada?

Kimya. Kishale kikapepesa kwa muda mrefu. Kisha:

SAUTI YA TATU: (haisikiki)

Chumbani hapakuwa na sauti yoyote. Alisikia friji ya jikoni. Alisikia meno yake mwenyewe.

Hapo angesimama. Hapo ndipo mtu yeyote mwingine angesimama. Lakini kulikuwa na haisikiki tano kwenye faili lile, alishazihesabu, na kila moja ilimchoma kama kibanzi. Kama kulikuwa na mtu wa tatu chumbani mwake, alitaka kujua anasema nini. Kama ni dada, alitaka kumsikia. Akavaa visikizio. Akafungua faili la sauti, ambalo asubuhi lilikataa kabisa kufunguka, na sasa lilifunguka papo hapo.

Ya kwanza, Jumapili. Mkwaruzo, kisha pumzi, karibu mno, kama mdomo uliogusa kipaza sauti. Akarudia. Akarudia tena. Akapata neno, akafuta haisikiki, akaandika: Mimi.

Ya pili, Jumanne: mwenyewe.

Ya tatu, leo asubuhi, wakati Shemeji ameweka kiganja juu ya boksi: nimekubali.

Kwenye ya nne, ya Shemeji alipokuwa anaondoka, alisita. Sauti ile haikuwa ya dada yake. Alijua jinsi dada alivyovuta maneno. Hii ilikuwa nyembamba, ya haraka, yenye kukwama kidogo kabla ya kila neno. Alikuwa ameisikia mahali, kwenye rekodi, akakereka kwa jinsi ilivyo na woga. Akaandika: kuanza.

Ya tano ilikuwa ya dakika chache zilizopita. Aliisikiliza mara tatu, kwa sababu ni mara tatu. Ilikuwa sauti yake.

Akaandika: kesho.

Na kwa kuwa vidole vina mazoea kuliko kichwa, vikashuka wenyewe mpaka chini ya ukurasa. Imekaguliwa na. Majina matatu. Nukta.

Ndipo aliposoma alichokijaza, kutoka juu kwenda chini, sauti ya tatu peke yake.

Mimi. Mwenyewe. Nimekubali. Kuanza. Kesho.

Chini ya jina lake, mabano yakafunguka. Herufi zilikuja moja moja, kwa shida, kama zinapandishwa mlima.

(mdogo wangu nilisikia yote tangu mwanzo)

(nilikuwa nakuficha)

(kwa nini umeniharakisha)

Mabano hayakufunguka tena. Mashine ikawa nyepesi. Nyepesi kuliko siku iliyonunuliwa. Kila alichogusa kilifunguka kabla kidole hakijatua.

Simu ikatetemeka mezani. Ujumbe wa Shemeji ulikuwa mfupi.

"Asante kwa kukagua."

Nukta alichomoa waya ukutani. Akamfuata Mama chumbani kwake, akapanda kitandani na nguo zake, akajikunyata kama mtoto. Mama alisema tu, gizani, "Leo anachapa mbio," akamfunika masikio kwa viganja vyake.

Alhamisi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Nukta alirudi chumba cha mbele. Hakuwa jasiri. Alikuwa na hesabu. Kama alichokijaza ndicho kilichomfunga, basi akifute. Akarudisha waya, akawasha, akafungua Bado. Akafuta "Mimi", akaandika (haisikiki). Akafuta "mwenyewe", akaandika (haisikiki). Ya tatu, ya nne. Kwa kila moja mashine ilizidi kuwa nzito, na uzito ule ulimpa moyo. Kufuta jina lake chini kulichukua nusu saa nzima.

"Kesho" haikufutika.

Alijaribu kila njia anayoijua. Alipoifuta ilirudi. Alipoifunika ilijitokeza. Faili zima sasa lilikuwa haisikiki nne na neno moja.

Akazima. Akachomoa nyaya zote, moja moja: ya umeme, ya kioo, ya kipanya. Akafungua ubavu wa boksi, akachomoa kijiti cha ramu, safari hii kwa vidole vitupu, akakibana mkononi mpaka kikamchubua. Akakalia kiti, kibodi mapajani, waya wake ukining'inia sakafuni. Akampigia Fundi.

"Alfajiri hii!" Fundi alipiga mwayo. "Imepona?"

"Fundi, nataka irudi kuwa nzito."

"Ati?"

"Nzito. Nzito kuliko ya jana. Nifanye nini?"

Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Miaka kumi na moja ya kazi hii, sijawahi kuombwa hivyo. Umelala kweli wewe?"

"Tafadhali. Kabla ya saa mbili. Saa mbili ofisi ya Shemeji inafunguliwa."

"Sikia, dada, sikuelewi, na hapo kwako kuna kelele. Nani huyo anachapa kama anachagua mchele? Mwambie aongeze mwendo amalize, au apumzike tuongee."

Nukta aliiweka simu mezani, ikiendelea kuita "Halo? Halo?", akatazama mapajani mwake.

Vitufe vilikuwa vinabonyea. Kimoja. Kisha, baada ya muda, kingine. Vilishuka kwa kusitasita, vikikawia chini kila mara, kama vidole vilivyochoka vinavyovuta muda.

Aliweka viganja vyote viwili juu yake. Akahisi vitufe vinasukuma kutoka chini. Akainama, akaongeza uzito wa mikono, wa mabega, wa kifua, akakilalia kibodi kwa mwili wake wote ili kazi ile isiishe, na hapo ndipo Mama alipomkuta ilipogonga saa mbili, paji la uso likiwa juu ya vitufe kama la dada yake, bado anakandamiza.